Aliyecheka Mwambani

Temeke, Dar es Salaam
3 Juni 2024

Mama Mdogo Saida,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha hii mkononi mwa bodaboda utashika kifua na kuuliza nani kafa. Hajafa mtu. Mama hajambo, anakusalimu, na anasema ule ukili uliomletea umemtosha mikeka miwili. Mimi ni mzima. Nimeandika kwa mkono kwa sababu wewe na simu hamuivi, na ujumbe nikiutuma kwa jirani yako Mastura anausoma mtaa mzima kabla haujakufikia.

Nina ombi, na nimeliogopa kwa miezi. Mwaka huu nimepata nafasi ya kutengeneza filamu yangu ya kwanza ya matukio ya kweli. Nataka iwe juu ya uvuvi wa baruti. Samaki waliokufa tumewaona sana kwenye taarifa, mimi nataka watu. Nataka iwe juu yako, na siku ile ya mwaka 2005 pale mwambani Kiswere, ulipopoteza masikio.

Nieleze unavyokumbuka, kwa mpangilio wowote. Filamu za aina hii husimuliwa kama hadithi: tunaanza na tukio, tunaficha jambo moja, mtazamaji analisubiri hadi mwisho. Kwenye hadithi yako jambo hilo lipo tayari, maana hadi leo hajulikani aliyerusha. Pale ambapo hatuna picha, tunawaomba watu waigize lililotokea.

Ukikataa sitanuna. Nilikuwa na miaka tisa siku ile, na nakumbuka nilikatazwa kuingia chumbani ulimolala. Nadhani tangu hapo nimekuwa nikitaka kuingia.

Mwanao,
Zuwena


Kiswere
14 Juni 2024

Zuwena mwanangu,

Marahaba. Mwandiko wako umezidi kuharibika, na bado unajiita msomi. Nimeuliza watu wawili neno moja hadi nikajua umeandika "mpangilio".

Kweli nilishika kifua. Halafu nikasoma, nikacheka, halafu nikaisoma tena mpaka vitumbua vikaungua upande mmoja. Wateja wamekula hivyo hivyo, nimewaambia ndiyo mtindo mpya wa Dar.

Nakubali. Ila sikai juu ya jiwe kutazama bahari. Nimeona filamu za watu waliopatwa na mabaya, wote wanakaa juu ya jiwe wanatazama maji. Mimi nikitazama maji najua bamvua, maji yanapotoka sana, ni lini na pweza wako wapi, basi. Unipige picha nikikaanga, nikigombana, nikipiga vigelegele kwenye harusi ya mtoto wa Alfani. Na mwambani siendi. Nilikuwa mchokoa pweza hodari kuliko wanaume wa hapa, waulize, lakini tangu siku ile sijakanyaga mwamba, na sitakanyaga kwa ajili ya kamera.

Sasa sikiliza. Maji yalikuwa yametoka sana. Niliinama kwenye shimo, mkonzo wa kuchokolea umeshika, pweza amejibana ndani, nami namwambia maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nikainua kichwa. Jua lilinipiga machoni. Kule mbele, kwenye jiwe la mwisho, nikaona mtu mweusi tii, uso hautambuliki, mkono uko juu, na mdomo wazi. Anacheka. Upepo ulitoka kwangu kwenda kwake, sikusikia kitu. Nikaona tu kile kinywa kimepanuka. Kisha bahari ikanyanyuka.

Baada ya hapo sikusikia tena. Sikio la kulia linapata radi na ngoma kubwa, la kushoto limefunga duka. Aliyenitoa majini ni mjomba wako Jafari, alikuwa anatafuta chambo upande ule. Alinibeba mgongoni hadi nyumbani. Watu walisema mrushaji ni wale wa kuja, waliokuwa na mashua yao kule mlangoni mwa ghuba, wakaondoka jioni ile ile.

Masikio nimeyasamehe, Zuwena. Nimejifunza kusoma midomo, na nakwambia ni kazi tamu. Nikikaa sokoni najua nani anamsema nani toka upande wa pili wa barabara. Wanawake wa hapa wananisengenya wakiwa wamejifunika kanga puani. Lakini kile kicheko sijakisamehe. Mtu aliniona, mtu mzima mwenye akili zake, akarusha huku anacheka. Mpaka leo, watu wakiangua kicheko ghafla mbele yangu na sijaona sababu yake, naondoka. Wanadhani nimekasirika. Mguu ndio unaondoka wenyewe.

Nataka jambo moja kutoka kwenye filamu yako. Jina lake sina haja nalo. Nataka kujua alikuwa anacheka nini.

Msalimie mama yako, mwambie ukili mwingine haupo hadi alipe kwa kuja.

Mama yako mdogo,
Saida


Dar es Salaam
22 Agosti 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo tena, ingawa siku nne tu zimepita tangu uniage kwa kunisukumia kapu la vitumbua ndani ya basi. Abiria walikula nusu. Konda anauliza kama una binti.

Ulikataa kuja ufukweni tulipoigiza, na sikukulazimisha, kwa hiyo acha nikusimulie. Kamati ya kijiji inayolinda mwamba ilituruhusu kupita juu yake, lakini wakatuwekea mlinzi, maana umefungwa hadi Oktoba ili pweza wakue. Kila tukiinama alituuliza tunainamia nini.

Mastura alikuwa wewe. Tulimvika ile kanga yako ya zamani na akainama shimoni na mkonzo vizuri mno, kidogo nilie nyuma ya kamera. Sadick fundi pikipiki ndiye alikuwa mrushaji. Nilimwambia kama ulivyoniandikia: nyanyua mkono, rusha, cheka. Chupa tulijaza mchanga. Mara ya kwanza ikamwangukia mguuni. Mara ya pili alirusha vizuri lakini akacheka kama anatekenywa. Mara ya tatu mlinzi ndiye aliyecheka.

Mjomba Jafari alikuwa pembeni anasubiri zamu yake ya kuja kukuokoa. Ghafla nikamwona anamwendea Sadick, anamsogeza, anachukua chupa. Mimi nilikuwa mbali sana, huku kwenye mchanga, na lenzi ndefu. Kinasa sauti kilijaa upepo mtupu. Sikuzima kamera. Akashika chupa kwa mkono wa kushoto, akainamisha kichwa kana kwamba anakinga kiberiti, akarusha. Kisha akamwangalia Mastura pale alipoinama, akapanua mdomo. Mama Mdogo, ni kicheko cha kutisha! Sadick mwenyewe alirudi nyuma.

Baadaye Mjomba alikaa chini akaomba maji. Alisema ni jua. Hakufanya tena utani wowote hadi tulipofungasha, nikajua kachoka kweli, maana yule hata kwenye msiba wa baba yake aliigiza marehemu anavyokoroma.

Nimetumia kipande chake, siyo cha Sadick. Uso hauonekani vizuri, jua liko nyuma yake, kama ulivyosema. Nimekipunguza mwendo na kukiwekea muziki. Filamu haijakamilika, ni mshono wa kwanza tu, ila nimeiweka kwenye flashi na kukutumia. Mwombe Mwalimu Nikodemo kompyuta yake. Nataka uwe wa kwanza kuiona, na unikosoe bila huruma.

Zuwena


Kiswere
30 Agosti 2024

Zuwena,

Umesema bila huruma. Haya.

Nimetazama saa nne asubuhi ofisini kwa Mwalimu Nikodemo, na darasa la sita lote likichungulia dirishani. Nalia dakika ya pili. Nalia dakika ya tisa. Dakika ya kumi na saba silii, lakini umenisogezea kamera hadi puani kana kwamba unasubiri. Mwanangu, miaka kumi na tisa imepita tangu siku ile, na nikijumlisha siku zote nilizolia hazifiki wiki mbili. Hizo nyingine nilikuwa wapi? Nimeozesha, nimezika, nimemfukuza mume mmoja na kumpokea tena kwa masharti. Ndani ya filamu yako sijala hata mara moja!

Mwalimu ananiambia kila nikitokea kuna muziki wa huzuni. Nikamwuliza, hata ninapopepeta mchele? Akasema hata unapopepeta mchele.

Sehemu ya harusi ni nzuri. Pale ninapomkaripia Alfani kwa kupika pilau nyepesi nimependeza. Ongeza.

Na mpangilio wako nimeuelewa. Unamficha mtu mlangoni ili watazamaji wasiondoke. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo na hadithi zake, ila yeye alituacha tucheke njiani, ndiyo maana tulikubali kungoja.

Sasa kipande cha Jafari. Nimekirudia mara saba, hadi kengele ya mapumziko. Nakiomba tena. Kikuze, nione mdomo tu, na kiende polepole zaidi, polepole kabisa. Muziki usiweke, siusikii na unampotezea muda Mwalimu. Kwa sasa usiniulize kwa nini, na kipande hicho usimwonyeshe mtu wa Kiswere.

Saida


Dar es Salaam
6 Septemba 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Umenipiga fimbo za haki. Nimeondoa muziki kwenye mchele.

Kipande ulichoomba kimo kwenye flashi hii, sekunde nne zimekuwa dakika moja na nusu. Sikuulizi, ingawa ulimi unawasha. Bwana Gregori, anayesimamia filamu yetu hapa, amekiona na amekipenda mno. Anataka ndiyo iwe picha ya mwisho kabisa: mtazamaji amengoja uso wa mhalifu saa nzima, halafu anapewa kicheko peke yake, giza linaingia. Anasema watu watatoka ukumbini wakitetemeka. Anataka pia kukiweka kwenye tangazo.

Nijibu upesi, tafadhali. Tunafunga kazi mwisho wa Oktoba.

Zuwena


Kiswere
15 Septemba 2024

Jafari,

Usishangae kupata barua kutoka nyumba ya tatu. Nimempa Mastura aikabidhi mkononi mwako, na nimemwambia asisimame.

Nimeona mkanda wa Zuwena. Umerusha chupa, kisha umepanua mdomo. Zuwena anaamini umecheka, hata wakubwa zake wa Dar wanaamini hivyo. Hata mimi ningeamini, kama nilivyoamini miaka yote. Lakini siku ile sikuwa najua kusoma midomo. Sasa najua.

Anayecheka hafungi midomo katikati. Wewe ulifunga. Midomo ilikutana, ikafunguka, ikaviringika, ikapanuka, kisha ulimi ukagonga meno. Nimeangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia. Umesema: "Mke wangu, toka!"

Dunia hii mtu anayeniita mke wangu kwa utani ni mmoja, mtoto wa mjomba wangu. Mume wangu wa kweli ananiita Mama Hamisi.

Nijibu kwa barua. Usije mlangoni. Ukija utanichekesha, na sitaki kuchekeshwa kabla sijajua.

Saida


Kiswere
18 Septemba 2024

Saida,

Nimeandika "Mke wangu" hapo juu mara tatu na kufuta mara tatu. Mkono haukuthubutu.

Ni mimi.

Wale wa mashua walinifundisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na akili ya kuku. Waliniambia rusha mara moja unapata samaki wa wiki nzima, unavua huku umesimama. Siku ile ilikuwa mara yangu ya tatu. Nilikuja kwa nyuma ya jiwe la mwisho, nikawasha utambi, nikarusha. Sikukuona, Saida. Ulikuwa umeinama shimoni na kanga ina rangi ya mwamba. Chupa imeshatoka mkononi ndipo nikaona kitu kimesogea. Nikakujua kwa mgongo. Nikapiga kelele kwa pumzi zangu zote, "Mke wangu, toka!" Ukainua kichwa ukanitazama, nikadhani umesikia. Ukabaki unatazama tu.

Niliruka majini kabla chupa haijalipuka vizuri. Hiki kidole changu kilichopinda, ninachowaambia watoto kilipindishwa na jini, ni cha siku ile.

Nilikubeba huku nasema yote. Njia nzima nilikiri, neno kwa neno, nikidhani unanisikia na umenyamaza kwa hasira. Tulipofika nyumbani wakaniambia masikio yamekwenda. Nikagundua nimekiri kwa mtu asiyesikia, na wote wananipa mkono wa shukrani. Pumzi ya kusema mara ya pili sikuipata. Kwanza niliogopa polisi. Baadaye nikaogopa kwamba hutacheka tena. Hilo ndilo lililokuja kunishinda, maana nilikuwa nakufanyia vichekesho kila siku kama mtu anayelipa kidogo kidogo.

Sikujua kabisa kwamba umekaa na kicheko moyoni miaka yote hii. Zuwena alipomwambia Sadick "cheka", nilihisi kama nimepigwa kibao. Nikamuuliza nani kasema alicheka? Akasema ni wewe. Nikaenda kumnyang'anya chupa Sadick ili nimwonyeshe Zuwena kwamba mrushaji hakucheka, bila kufikiri nimwonyesheje nami nisijulikane. Nikamwona Mastura ameinama na kanga yako. Basi, kamera sikuiona tena. Ulikuwa wewe.

Zuwena akitaka nitasema mbele ya kamera. Polisi wakinitaka nitakwenda kwa miguu yangu. Ninaloomba ni moja tu. Niamini kwamba sikucheka.

Jafari


Kiswere
1 Oktoba 2024

Zuwena mwanangu,

Kaa chini. Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya barua ya mjomba wako, aliyoinakili Mwalimu Nikodemo. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umerudi? Umefunga mdomo?

Nitakwambia ukweli wote, maana umenizoea kuwa shujaa wa kamera. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikakasirika hadi nikavunja chungu, changu mwenyewe, kizuri. Miaka kumi na tisa yule mtu ananiletea samaki changu wa kuchoma, ananibebea maji, anaigiza jinsi imamu anavyopiga chafya, nami namshukuru Mungu kwa kunipa mtani! Ameigiza kila mtu wa kijiji hiki, walio hai na waliokufa. Siku yangu tu hakuwahi kuiigiza, hadi ulipokuja na kamera. Nilidhani ni heshima.

Nilimnyima vitumbua siku tisa. Nilikaanga, nikauza kwa wote, yeye akifika nafunika sinia. Kijiji kikahisi jambo zito. Siku ya tano alikuja na sahani yake, akasimama, nikafunika, akaondoka. Siku ya sita vivyo hivyo. Hakufanya hata kichekesho. Siku ya tisa nilimtazama anavyoondoka na ile sahani tupu, bega moja limeshuka, na mguu wangu, ule unaoondoka wenyewe watu wakicheka, ukamfuata. Sijui nani aliuagiza.

Nikamshika shati. Nikamwambia, "Sema tena. Pale uliposema, sema mbele yangu." Akasema pale pale barabarani, bila sauti, midomo tu. Mke wangu, toka. Zuwena, nilikuwa nimejaribu maelfu ya mara kujua yule mtu anacheka nini. Alikuwa ananiita! Kuna mtu aliona natakiwa niishi, akapiga kelele kwa pumzi zake zote, hata kama ni mjinga yule yule aliyerusha. Mzigo niliobeba ulikuwa kile kicheko, na hakikuwepo. Nilicheka mimi sasa, hadi nikakaa chini kwenye vumbi, na Jafari akakaa, tukawa vichaa wawili barabarani. Bado nina hasira naye. Nitakuwa nayo Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine nina kazi.

Amekwenda mwenyewe mbele ya kamati ya mwamba akasema yote, watu wamejaa. Kisha wakaniuliza mimi. Nikasema haki ya serikali ni ya serikali, wakimwita ataitika, amesema mwenyewe. Lakini haki yangu ni ya utani, na mtani hutozwa faini. Nimemtoza. Mwamba ukifunguliwa tarehe kumi na tisa, atanitangulia hatua kumi, kila nitakapokwenda, bamvua hii na zote zijazo hadi mmoja wetu azikwe. Na njiani apige kelele kama siku ile. Kamati wameongeza kwamba kwa kuwa atakuwa pale na ana koo, basi awe mlinzi wa mwamba pia.

Umesoma vizuri. Nimesema nitakapokwenda.

Hicho kicheko chako cha tangazo, mwambie Bwana Gregori akitoe. Si kicheko.

Mama Mdogo wako,
Saida


Dar es Salaam
8 Oktoba 2024

Mama Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimesoma kwenye ngazi za ofisi na watu wamenipita wakidhani nimefiwa, halafu wakaniona nacheka.

Naona aibu. Uliniandikia "anacheka", nami nikaenda nikaamuru mtu acheke. Nikaona kicheko pale ambapo mtu anaita kwa sauti kubwa, nikakipunguza mwendo, nikakipamba kwa muziki. Nilikuwa na ukweli mzima ndani ya kamera yangu na nikaufunika kwa tandiko. Kama si macho yako, ningemwonyesha Mjomba kwa nchi nzima kama shetani anayecheka.

Bwana Gregori amesikia yote. Kwanza alisema tumepata mhalifu, tumwinde kwa kamera, tumbane na maswali. Nikamwambia mhalifu tayari amejibana mwenyewe na ametozwa faini. Akacheka. Sasa ananiuliza filamu inaishaje, nami sijui, kwa hiyo nakuuliza wewe. Naweza kumficha Mjomba kabisa. Naweza kuitupa sehemu ile. Lolote utakalosema nitafanya, hata kama ni kuacha filamu yote.

Nakuja tarehe kumi na nane na kamera. Kama hutaki kamera, nakuja na mikono mitupu na tumbo.

Zuwena


Kiswere
27 Oktoba 2024

Zuwena mwanangu,

Ulikuwepo, uliona, lakini ulikuwa nyuma ya lenzi na mimi nilikuwa mbele, kwa hiyo nakusimulia upande wangu.

Watu wa Kiswere wote wako ufukweni na makapu, kina mama wamefunga kanga viunoni, mwenyekiti anasubiri maji yatoke ili apige filimbi, na mimi nimeshika mkonzo wangu kwa mikono miwili. Filimbi sikuisikia, nikaona watu wanakimbia. Jafari akatangulia hatua kumi. Alihesabu kwa miguu, mshenzi yule, tena hatua zake ndefu. Akaanza kupiga kelele. Ulisema sauti yake ilifika hadi kwenye minazi, na watoto wote wakaanza kuitikia, "Mke wangu!" na mume wangu mwenyewe akiwa nyuma anaitikia kuliko watoto.

Nilipofika kwenye shimo langu, lile lile, nilidhani nitaanguka. Nikainama. Ndani kulikuwa na pweza! Miezi mitatu wamelala wamenenepa. Nikaingiza mkonzo, nikamwambia yale maneno ambayo siwezi kukuandikia, na nadhani kinasa sauti chako kimeyapata, uyafute. Nikamtoa. Alininyunyizia wino hadi kifuani.

Nikainua kichwa. Jafari alikuwa amesimama mbele, jua liko nyuma yake, mweusi tii, mkono juu, mdomo wazi. Kisha nikatazama vizuri, maana siku hizi natazama vizuri. Midomo haikufunga. Mabega yanaruka, kichwa kimelala nyuma, mkono umeshuka kushika tumbo. Alikuwa anacheka, ananicheka kwa wino kifuani. Kicheko chake hakifanani kabisa na ule mdomo wa siku ile. Mtoto mdogo angeweza kutofautisha. Mguu haukuondoka. Nilimrushia pweza usoni.

Sasa filamu yako. Usimfiche Jafari, amekataa mwenyewe, anasema amefichwa vya kutosha. Aseme kwa mdomo wake, nami nikae karibu nimsome. Kile kipande cha chupa kiweke mwanzo kabisa, bila sauti, bila muziki, kama nilivyokiona mimi. Waache wadhani anacheka. Wachukie. Wakae na hiyo chuki saa nzima, huku wananiona napika, nagombana na nacheza. Halafu mwisho nionyeshe mimi kwa Mwalimu Nikodemo, nimekodolea kompyuta, ninawasomea neno kwa neno alichosema. Usiweke kitu kingine pale.

Naja Dar wiki watakayoonyesha. Jafari anakuja pia, atabeba pweza wakavu wa mama yako, hatua kumi mbele yangu, amekubali hata ndani ya kituo cha mabasi. Mwambie Bwana Gregori aniwekee kiti mbele, lakini akigeuze. Mgongo wangu uwe kwenye picha na uso uwe kwa watu. Picha naijua. Nikiwasomea lile neno, nataka nione midomo yao inafanya nini.

Mama yako mdogo, mchokoa pweza,
Saida